Radi Inasingiziwa Mengi: Dhoruba za Ziwa Victoria, Umeme Unaokatika na Namna ya Kuokoa Friji Yako

Msimu wa mvua ukishika kasi hapa Mwanza, meza yangu ya ufundi haionekani. Televisheni zinapangwa chini mpaka mlangoni, ving'amuzi vinajazwa kwenye kreti la soda, friji zinasubiri nje chini ya turubai. Kila anayeleta ana maelezo yaleyale: "Fundi, radi imeniulia TV." Nikifungua, mara nyingi nakuta radi haihusiki, au inahusika kwa mbali sana. Kilichoua kifaa ni umeme uliobaki nusu baada ya dhoruba, au uliokuwa unakatika na kurudi, au waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme kwenye transfoma) uliochomoka mtaani bila mtu kujua.

Mimi ni fundi wa friji na vifaa vya nyumbani. Laini za juu ya nguzo zina wenyewe. Ila maiti za vifaa zinapita mikononi mwangu, na kila moja inaeleza ilivyokufa. Chukua ile fyuzi ndogo ya kioo iliyo ndani ya TV. Ukikuta uzi wake umekatika katikati na kioo bado ni cheupe, mkondo ulizidi kiasi tu. Ukikuta kioo kimekuwa cheusi chote au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, mkondo mkubwa ulipita ghafla. Pembeni ya fyuzi kuna kidude bapa cha duara, cha bluu au njano, tunakiita varista. Kazi yake ni kufa mapema ili wengine wapone. Kikiwa kimepasuka na kuacha masizi, voltu zilipanda mno. Halafu kuna kapasita kubwa, kile kikopo kinachohifadhi chaji: ikivimba kichwa, ujue voltu zilizidi na zikakaa juu kwa muda. Radi haikai. Inapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana nasema inasingiziwa.

Mwenye nyumba anatakiwa kujua mambo mawili: wingu linakuja lini, ili achomoe mapema, na taa zake zinamwambia nini baada ya hapo, ili asichomeke mapema.

Wingu linavyojengeka ziwani

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya juu hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi, usiku na mchana, karibu mwaka mzima. Nchi kavu haina utulivu huo. Mchana miamba na mabati ya Mwanza yanachemka, hewa iliyo juu yake inapanda, na upepo unavuta kutoka ziwani kuja kwetu. Kwa hiyo saa nane au tisa alasiri mawingu makubwa utayaona yakirundikana mbali na maji, hasa upande wa milima ya mashariki: Mara, na ng'ambo ya mpaka Kisii na Kericho, ambako mvua ya mawe kwenye mashamba ya chai si habari mpya.

Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji hayapoi. Upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwa kuwa ziwa limezungukwa, unatoka pande zote. Pepo hizo zikikutana katikati hazina pa kwenda isipokuwa juu, na zinapanda zikiwa zimebeba mvuke wa maji ya uvuguvugu.

Hewa yenye mvuke ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, na katika kugeuka unaachia joto ulilokuwa umelibeba. Joto hilo linaifanya hewa iwe nyepesi kuliko inayoizunguka, inazidi kupanda, na inavuta nyingine kutoka chini. Mchezo huo ukianza haukomi upesi. Kwenye ukanda wa ikweta wingu kama hilo linaweza kufika kilomita 15 kwenda juu, hata kuzidi. Baridi ya kugandisha iko kama kilomita 5 kutoka usawa wa bahari; sisi tuliopanda tayari zaidi ya kilomita moja, iko chini ya kilomita 4 juu ya vichwa vyetu. Kutoka hapo kwenda juu wingu lina barafu. Kuna chembe ndogo nyepesi zinazopanda na vipunje vizito vinavyoshuka, na vikigongana vinagawana chaji: vyepesi vinaondoka na chaji chanya kwenda juu, vizito vinabaki katikati na chini na chaji hasi. Tofauti ikiishinda hewa iliyo katikati, inaruka. Hiyo ndiyo radi. Mkondo wake wa kawaida ni ampea 30,000 hivi, wakati breka ya soketi zako inakata kwenye ampea 32 au chini ya hapo. Njia yake angani inapata joto la nyuzi kama 30,000, hewa inapanuka kwa mlipuko, nasi tunausikia mlipuko huo kama ngurumo.

Dhoruba hizi za ziwani hukomaa usiku wa manane mpaka alfajiri, na pepo za mashariki huzisukuma kuelekea magharibi. Bukoba wanapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka; sisi wa kusini tunapata kama nusu ya hiyo. Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, sote tunajua mvua ya usiku. Ila kwa mwenye TV maana yake ni kwamba dhoruba nyingi mbaya zinamkuta amelala na kila kitu kimechomekwa.

Kuna dalili moja ya kuizingatia kuliko zote. Mvua ikianza kushuka ndani ya wingu inakokota hewa, baadhi ya matone yanakauka njiani na kuipoza hewa hiyo, inakuwa nzito, inaanguka, na ikifika chini inatawanyika na kuitangulia mvua. Ule upepo wa baridi wa ghafla wenye harufu ya vumbi lililolowa, unaopiga milango na kung'oa nguo kwenye kamba kabla tone halijaanguka, ndio huo. Ndio pia unaoangusha nguzo na matawi. Watu huona umeme umezimika mvua haijafika wakasema Tanesco wameshazima kwa makusudi. Mara nyingi hakuna aliyezima. Upepo umeshaipiga laini kilomita kadhaa kutoka hapo ulipo.

Laini inavyoumia

Laini kubwa za kusafirisha, za kilovolti 132 na 220, zimebebwa na minara ya chuma, juu kabisa zina waya wa ardhi wa kupokea radi, na vikombe vyake, vile vinavyoshika waya usiguse mnara, ni mnyororo mrefu. Hizo haziangushwi kirahisi. Zinazoumia ni za kilovolti 33 na 11 kwenye nguzo za miti, na hizi ndizo zinazotambaa mpaka vijijini, nyingi zikiwa hazina waya wa kuzikinga juu. Vifaa vya laini ya 33 hutengenezwa vihimili pigo la ghafla la kilovolti 170, vya 11 ni 75 au 95. Radi ikipiga laini yenyewe inaleta pigo linalozidi hapo kwa mbali, na hata ikipiga mti wa jirani inaamsha pigo kwenye nyaya bila kuzigusa. Cheche inaruka juu ya kikombe, umeme wa laini unafuata njia ya cheche, na ulinzi wa laini unakata.

Ulinzi huo ndio unaokupa ule mchezo wa umeme kuzimika, kurudi, kuzimika, kurudi. Hakuna mtu anayechezea swichi. Kifaa cha laini kinakata, kinasubiri kidogo, kinajaribu kurudisha, kwa sababu hitilafu nyingi za dhoruba ni za kupita: tawi limegusa likaanguka, cheche imezimika. Kikijaribu mara kadhaa na hitilafu bado ipo, kinafunga na kusubiri mafundi waje. Kwa laini huo ni utaratibu mzuri. Kwa kompresa ya friji, ile mota inayosukuma gesi, ni mateso, nitaeleza.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ina ubaya wake wa pekee. Vikombe vimekusanya vumbi na moshi miezi mizima, na manyunyu yanaligeuza vumbi kuwa tope linalopitisha umeme. Mvua kubwa ingeosha. Manyunyu yanalowesha tu. Na nguzo ya mti huoza pale inapoingia ardhini. Kwa juu utaiona nzima, kumbe usawa wa udongo imeshaliwa. Ukiona nguzo ya hivyo, au mwembe unaogusa nyaya, toa taarifa Tanesco kabla msimu haujaanza. Tawi lililo karibu na waya usilikate mwenyewe, hata kwa panga lenye mpini wa mti.

Soma taa zako

Hapa ndipo friji nyingi zingeokolewa kama watu wangetulia dakika mbili.

Umeme ukikatika mtaa mzima, hakuna cha kusoma. Chomoa vifaa, acha taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikuambie umeme ukirudi. Ukikatika kwako tu, nenda kwenye mita ya Luku iliyo ukutani au nguzoni, usiitegemee rimoti (kile kidude cha kuingizia namba za Luku) maana inaweza kuonyesha namba kwa betri yake. Mita ikiwa hai na nyumba giza, tatizo ni lako: breka imeanguka au yuniti zimeisha. Mita ikiwa imekufa na ya jirani wa ukuta mmoja iko hai, huenda mko kwenye fezi tofauti (fezi ni zile nyaya tatu zinazoleta umeme mtaani) na yako ndiyo imeondoka, au waya unaoingia kwako umekatika. Mita yenyewe usiifungue, ina lakiri.

Sasa hali ya tatu, ambayo ndiyo muuaji. Taa zinawaka lakini zimefifia, feni inazunguka kivivu, na watu wanafurahi kwamba "umeme upo kidogo." Kilichotokea ni kwamba upande wa laini kubwa transfoma imepoteza fezi moja. Tazama transfoma ya mtaa ukiwa mbali: juu yake kuna mirija mitatu ya fyuzi iliyosimama kwa mshazari. Mmoja ukiwa umening'inia kichwa chini, fyuzi hiyo imeondoka. Kwa transfoma zetu nyingi, hilo linaacha fezi moja ya mtaani ikiwa nzima na mbili zikiwa na nusu, yaani voltu 115 hivi badala ya 230. Taa za kisasa zinaweza kuwaka bila shida. Friji haiwezi. Kompresa inajaribu kuanza, haina nguvu ya kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa ikiwa imesimama palepale. Utasikia mngurumo mzito chini nyuma ya friji, "mmmmm," halafu "tik," kimya. Baada ya muda tena, "mmmmm, tik." Hiyo "tik" ni kinga ya joto inaikata kompresa isiungue. Inaweza kuhangaika hivyo usiku kucha, na kila mzunguko unazidi kuipika. Nikiikata kompresa ya namna hiyo, mafuta yake yamekuwa meusi na yana harufu kali ya varnishi iliyoungua ambayo haitoki vidoleni hata kwa sabuni ya unga. Ukisikia wimbo huo, chomoa hapo hapo.

Hali ya nne ni mbaya zaidi, na inawezekana wewe na jirani yako mnaona vitu tofauti. Kwako taa zimewaka kwa mwanga mkali kupita kiasi, kwa jirani zimefifia, na mwanga unapanda na kushuka kila mtu anapowasha kitu. Nyutro imekatika. Mtaani kuna fezi tatu na nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna voltu 230, kati ya fezi na fezi kuna 400. Upepo ukichomoa nyutro, nyumba yako na ya jirani wa fezi nyingine mnakuwa mmeunganishwa kwa kufuatana kwenye zile 400, na mnazigawana kulingana na mlivyowasha. Mwenye pasi na jiko la umeme anabaki na voltu chache. Mwenye taa mbili na TV peke yake anapokea nyingi, 300 na kuendelea. Ndani ya TV voltu 230 zikishanyooshwa zinakuwa kama 325. Zikiingia 300, zinakuwa zaidi ya 420, na kapasita nyingi zimeandikwa ubavuni 400 au 450. Ndiyo ile inayovimba kichwa. Mwenyewe atakuletea akisema ni radi, na kwamba radi ilipiga saa moja kabla.

Kwa hali hii zima meni swichi mara moja, chomoa vyote, na wapigie kelele majirani wafanye hivyo hivyo. Mabati ya friji au pasi yanaweza pia kupiga shoti wakati huu, kwa hiyo vaa viatu vikavu na usiguse mwili wa kifaa, shika plagi tu. Kisha toa taarifa, na sema dalili zenyewe: "Taa nyingine zinawaka sana, nyingine zimefifia." Maneno hayo yanamwambia fundi wa zamu ni hitilafu ya namna gani kuliko kusema "umeme unasumbua."

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua voltimita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ile inayoonyesha namba. Bei yake ni ndogo kuliko kuniita mimi nyumbani. Ikisoma kati ya 210 na 250, vifaa vingi viko salama. Nje ya hapo, friji ibaki imechomolewa, hata kama taa zinawaka vizuri.

Ethi kwenye mawe

Kabla ya msimu, jambo ambalo Mwanza lina ugumu wa pekee ni ethi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini. Nyumba zetu nyingi zimejengwa mlimani, Igogo, Mabatini, Bugando huko, juu ya miamba. Fundi anakuja na rodi ya shaba, anaigonga, inaingia futi mbili inagota kwenye jiwe. Wapo wanaokata iliyobaki kwa msumeno, wanafunga waya, wanafukia, wanaondoka. Kwa macho ethi ipo. Kwa kazi haipo, maana rodi fupi kwenye kokoto kavu haiupeleki mkondo popote.

Mwambie fundi wako hivi: kama rodi haishuki, atafute sehemu ya uwanja yenye udongo, hata ikiwa chini ya ngazi karibu na karo la kuogea, na avute waya wa shaba mpaka hapo. Kama udongo ni mfupi kila mahali, achimbe mtaro alaze waya mtupu wa shaba kwa urefu, au apige rodi kadhaa fupi zilizoachana na kuziunganisha. Mwisho apime kwa mashine ya kupimia ethi mbele yako. Usomaji wa omu 10 kushuka chini ndio unaotafutwa kwa kinga ya radi. Asiye na mashine akakuambia "iko poa," mlipe nusu.

Bila ethi, vile vizuia pigo vinavyofungwa kwenye boksi la breka ni pambo. Kazi yavyo ni kulitupa pigo ardhini, na kama njia ya ardhini haipo, pigo linaendelea na safari yake kwenda kwenye TV. Vivyo hivyo ekstensheni zenye kitaa kilichoandikwa kwamba zinalinda: ndani yake kuna varista moja au tatu, zikishakufa kitaa mara nyingine kinaendelea kuwaka na wewe unaendelea kuamini. Friji gadi ni kitu kingine, na naipenda. Inakata voltu zikishuka au zikipanda mno, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Hizo dakika zina maana. Kompresa ikizimwa, gesi inabaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja. Ukiilazimisha kuanza kabla mgandamizo haujasawazika, inagota kama vile iko kwenye umeme nusu. Ndiyo maana ule mchezo wa kukatika na kurudi unaiua.

Wingu likionekana

Mamlaka ya Hali ya Hewa wana rada hapa Mwanza, na taarifa zao za jioni hutolewa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisikia angalizo la mvua kubwa na upepo kwa ukanda wa ziwa, chomoa TV na king'amuzi kabla ya kulala. Friji inaweza kubaki ikiwa ina gadi. Kama haina, na chakula kimeshapoa vizuri, ichomoe mpaka asubuhi. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri haitaharibu kitu; friji ya kawaida inashikilia ubaridi saa kama nne tu, kwa hiyo usiache humo chakula kinachoharibika upesi.

Mchana, tumia masikio. Sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mmweko ukahesabu mpaka 30 ndipo ukasikia ngurumo, radi iko umbali wa kilomita 10, na umbali huo hautoshi kukuweka salama. Ngurumo ya kwanza ya mbali ndiyo saa ya kuchomoa. Ikishafika juu ya paa usianze kushika plagi na nyaya za dishi. Acha vife, utanunua vingine.

Kuzima soketi au meni swichi hakutoshi kwa radi. Pengo lililo ndani ya swichi ni la milimita chache, na radi imeruka kilomita nzima kukufikia. Plagi itoke ukutani kabisa. Na usisahau waya wa dishi, ambao watu wote wanausahau. Ving'amuzi vinavyofika kwangu vikiwa vimeuawa na radi ya kweli vina alama moja: ile skrubu ya kufungia waya wa dishi imekuwa nyeusi, na ubao wa ndani umebabuka kuanzia hapo, huku upande wa umeme ukiwa mzima. Kutoka king'amuzi pigo linapita kwenye waya wa HDMI kwenda kwenye TV. Fungua waya wa dishi, uweke mbali na kifaa.

Mama mkwe wangu akisikia ngurumo anafunika kioo cha kabati kwa khanga na kukataza nguo nyekundu. Kioo hakiiti radi, wala rangi. Ila simwambii kitu, kwa sababu akishafunika kioo anawaita pia watoto watoke chini ya mwembe na kuchomoa simu zote kwenye chaji, na hayo mawili ni sahihi kabisa. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mtoke nje.

Waya ukianguka

Chukulia kila waya ulioanguka kuwa una umeme, hata kama mtaa wote ni giza. Kile kifaa cha laini kinaweza kurudisha umeme wakati wowote, na waya uliolala kwenye mchanga mkavu au lami unaweza kubaki na umeme bila ulinzi kuhisi kitu. Kaa mbali mita 10 na zaidi, zuia watoto na mbuzi, toa taarifa. Usiusogeze kwa mti. Mti uliolowa unapitisha umeme. Ukijikuta tayari uko karibu nao, usikimbie kwa hatua ndefu. Umeme unasambaa ardhini na voltu zinapungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mguu wa mbele na wa nyuma unapata voltu tofauti, na tofauti hiyo inapita mwilini mwako. Bana miguu, ruka au burura nyayo kidogo kidogo zikiwa zimegusana mpaka utoke. Ukiwa ndani ya bajaji au gari lililoangukiwa, gari lina nafuu: baki ndani. Bajaji haina mwili wa chuma wa kukuzunguka, ruka nje miguu ikiwa pamoja bila kushika bajaji na ardhi kwa wakati mmoja.

Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, mwangalie kama anapumua, mkandamize kifua kama hapumui, na mwahishe hospitali. Aliyenaswa na waya ni tofauti, huyo usimguse mpaka umeme uwe umezimwa.

Umeme ukirudi, na samaki wako

Taa uliyoiacha ikiwaka, subiri dakika tano. Kama haikuzimika tena, tazama voltimita. Namba ikiwa nzuri na imetulia, chomeka friji kwanza, usikilize: kompresa nzima inaanza kwa mtikisiko mmoja kisha inatulia. TV na king'amuzi vifuate. Pasi na jiko mwishoni, maana mtaa mzima unavichomeka kwa pamoja na voltu zinashuka.

Kuhusu chakula, usifungue mlango kila mara kuangalia hali. Friji ya kawaida iliyofungwa inashikilia ubaridi kwa saa kama nne. Friza iliyojaa inaweza kukaa siku mbili, iliyojaa nusu ni siku moja, kwa hiyo mwenye friza la kuuza samaki asiache nafasi tupu. Ajaze chupa za maji zigande. Sato ambaye bado ana barafu ndani ukimbonyeza mgongoni anaweza kugandishwa tena, ingawa nyama yake italegea kidogo. Aliyeyeyuka leo na bado ni wa baridi, mkaange leo. Aliyeshapata joto la chumba kwa saa kadhaa mtupe, hata kama mnunuzi yuko mlangoni.